Gharama ya Saini Moja

Nimefundisha hisabati shule ya msingi hapa Kibaha karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kukutana na hesabu iliyonisumbua kama ile ya kumsomesha binti yangu ndege. Nasema ndege kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyosema: mtoto wa mwalimu anakwenda kusomea ndege. Wengi walidhani ni urubani. Nilichoka kuwaeleza kwamba urubani ni kitu kingine kabisa, na kwamba yeye amechaguliwa kusomea uhandisi wa matengenezo, yaani ni yule anayebaki chini na spana mkononi wakati rubani anapanda na kofia yake. Wakishasikia spana walinitazama kwa huruma, wakaniuliza kwa nini basi asijifunze magari, maana gereji zipo hapa hapa Maili Moja na hazina ada.

Swali lao liliniudhi kwa sababu nami nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo. Ada ya mwaka mmoja ilikaribia mshahara wangu wa mwaka mzima, na miaka ilikuwa minne. Mkopo wa serikali ulimpatia hela ya kula na kulala, ada sehemu kubwa ukatuachia sisi. Upande wa mapato nilikwenda kuuliza. Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi uwanja wa ndege aliniambia fundi wa ndege mwenye makaratasi yake kamili anapokea kwa mwezi kiasi ambacho mwalimu hatakiona hata akifundisha mpaka meno yaishe. Mwingine akaniambia ana mpwa wake mwenye shahada hiyo hiyo, yupo nyumbani anauza vocha. Upande mmoja wa mzani niliweka kitu ninachokijua hadi senti ya mwisho, upande wa pili nikaweka maneno ya watu.

Mume wangu alikuwa ameshastaafu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye pampu za maji kule Ruvu, na mashine zile zilimzoesha kunyamaza, maana zikiwaka husikii hata ukiitwa. Alisikiliza hesabu yangu yote, kisha akauliza tuna nini cha kuuza. Hatukuwa na kitu. Nyumba tunayokaa Tumbi ni ya kwetu lakini ndiyo hiyo hiyo moja. Shamba la mikorosho la Maneromango lilikuwa la mama yake, tena lina makaburi ya baba yake na wadogo zake, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angelitaja. Nilikaa na hesabu ile wiki nzima. Ndipo siku moja, nikiwa nasahihisha madaftari, nikakumbuka kwamba nina kitu. Nilikuwa na sendofu.

Kwa asiyejua mambo yetu, sendofu ni sherehe ya wazazi kumuaga binti yao kabla ya harusi yenyewe. Kuna ukumbi, kuna mpambaji, kuna keki ya ghorofa, kuna mshereheshaji anayepiga kelele kuliko muziki. Kwa miaka yote niliyokaa mtaa huu nimekuwa mhazini wa kamati za sendofu za mabinti wa watu, nimekimbizana na ahadi za michango, nimepanga sahani, nimekesha nikikata vitunguu. Na nilichanga. Mchango wa harusi huku kwetu si zawadi. Unauweka kwa mwenzako, na siku yako inapofika unauchukua, na yule asiyerudisha anajulikana mtaa mzima. Binti yangu ni mmoja tu. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa na sherehe yangu moja ambayo bado sijaila.

Jambo hilo lilikuwa linanikera tangu zamani. Mwombe mtu akusaidie ada, atakueleza jinsi hali ilivyo ngumu mpaka wewe ndiye utoe pole. Mpelekee kadi ya sendofu, mtu huyo huyo atakopa ili jina lake lisitajwe vibaya. Nilishaona mzazi akichangiwa fedha ya kumlisha mamia ya watu wali na kuku jioni moja, na mdogo wake huyo bi harusi yuko nyumbani kakosa ada ya kidato cha tano. Sikuwahi kusema kitu. Safari hii niliamua kusema.

Niliita kamati. Nilinunua soda, nikaazima viti kanisani, nikawakaribisha wale wale niliozoea kukaa nao. Mwenyekiti alikuwa jirani yangu, mama wa Kilimanjaro mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mkali wa maneno na mwaminifu wa fedha. Wakaja wamechangamka, wakaanza kuuliza bwana harusi ni wa wapi na mbona nilimficha. Nilisimama. Niliwaambia hakuna bwana harusi. Niliwaambia naomba sendofu ya binti yangu sasa, niipeleke chuoni, na siku akija kuolewa sitagonga mlango wa mtu wala sitasambaza kadi.

Mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akanywa soda. Mwenyekiti hakunijibu mimi. Aliagiza binti aitwe. Alikuwa anaosha vyombo uani, akaja na mikono yenye povu, akapiga goti kuwaamkia.

"Mama yako anataka kula sendofu yako leo," mwenyekiti alimwambia. "Usinijibu haraka. Wenzako wote wataingia ukumbini na muziki, wewe hutaingia. Siku hiyo utalia."

"Nitalia, mama," binti alijibu. "Lakini nitakuwa na kazi."

Mwenyekiti alifungua pochi yake hapo hapo, akaweka mezani mchango wake wote bila kuandika ahadi. Hapo wengine wakaona aibu kukataa. Si wote waliotoa. Wapo walioniambia watasubiri harusi ya kweli, na mmoja alisema mitaani kwamba mwalimu amemuuza mtoto wake kabla ya posa. Maneno hayo yaliniuma sana na sijayasahau. Hata hivyo fedha ile ilimvusha miaka miwili, na miwili iliyobaki niliivuta kwa mikopo ya chama cha walimu, moja juu ya nyingine, mpaka mshahara wangu ukawa unaingia benki kusalimia tu.

Alimaliza. Siku ya mahafali alivaa joho, nikampiga picha nyingi kuliko simu yangu ilivyoweza kubeba. Nilifunga hesabu kichwani. Niliona gharama zimekwisha na sasa yanaanza mapato.

Wiki chache baadaye alinikuta jikoni, akasimama kando ya mlango kama anavyosimama akiwa na neno zito. Akaniambia kwamba shahada peke yake haimruhusu kugusa ndege kwa jina lake. Amepata nafasi karakana moja ya ndege, lakini kama mwanafunzi wa kazi, kwa posho ya nauli na chakula cha mchana. Ili awe fundi kamili anatakiwa leseni, na leseni ina mitihani yake, mmoja mmoja, kila mmoja unalipiwa, na mingine inalipiwa kwa dola. Mpaka aipate, kila atakachokaza lazima mwingine mwenye leseni akikague na kukisainia.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema hata wao waliambiwa vizuri mwaka wa mwisho, na aliogopa kwamba ningemtoa.

"Shahada inasema najua, mama," alisema. "Leseni ndiyo inasema naruhusiwa."

Nililia kwa hasira, mbele yake, nikiwa na mwiko mkononi. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira na hesabu ambayo mtu ameifanya kwa uaminifu hadi mstari wa mwisho, halafu anaambiwa kuna ukurasa wa pili. Sendofu ilikuwa imeliwa. Mikopo ilikuwa imefika kooni. Na kule chini, kwenye karakana, binti yangu alikuwa anakaza nati zilizohesabiwa ni za mtu mwingine.

Mume wangu alisema twende Maneromango tukamweleze mama yake. Kwao hakuna jambo kubwa linalojulikana kwa jirani kabla halijajulikana kwa mama. Mama mkwe wangu alikuwa mjane wa miaka mingi, Mlutheri wa kuzaliwa, mwembamba, mwenye sauti ya kiume na utani usioisha. Alikuwa akimwita binti yangu mke mwenza, kwa sababu kwa utani wao mjukuu na bibi wameolewa na babu mmoja. Tulimkuta jikoni kwake anabangua korosho zilizochomwa, vidole vyeusi, na hakuinuka kutupokea. Alisema tukae tubangue, maneno yatakuja yenyewe.

Binti akamweleza. Bibi alisikiliza yote, akaruka mambo ya shahada na dola, akashika jambo moja.

"Hiyo leseni ukiwa nayo unafanya nini ambacho sasa hufanyi?"

"Nasaini, bibi. Ndege ikishatengenezwa, mwenye leseni anaikagua, akiridhika anasaini ndipo iondoke. Asiposaini haiondoki."

"Hata akiwemo waziri?"

"Hata akiwemo waziri."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Alisema basi hiyo ndiyo kazi, zile nyingine ni kubeba spana za watu. Baada ya hapo alituambia tusiondoke na akatuma aitwe mwanawe mkubwa, kaka wa mume wangu, aje Jumapili.

Shemeji yangu ana biashara zake Dar es Salaam na ni mtu wa heshima zake. Alikuja na gari na mchele na mafuta ya kula, akidhani ameitwa kwa ugonjwa. Baada ya ibada tulikula, na sahani zilipotolewa mama mkwe akawauliza wanawe wawili, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi, wamepanga kumzika kwa kiasi gani.

Shemeji aliweka kikombe chini, akamwambia mama asijitabirie. Mama akasema yeye si mtabiri, yeye ni mzee, na amezika watu wa kutosha kujua turubai linakodishwa bei gani, na ng'ombe, na mabasi mawili kutoka Dar, na jeneza lenye vioo. Akasema kwamba hela hiyo ipo, iwe mfukoni kwao au kwa watakaowachangia, na itatoka yote ndani ya siku tatu, yeye akiwa amelala hasikii wala haonji. Anaitaka sasa.

"Nipeni msiba wangu nikiwa hai," alisema. "Nimpe mke mwenza asaini."

Shemeji alikasirika kweli. Alisema watu watasema watoto wamemzika mama yao kama kuku. Alisema kama shida ni mitihani tumwambie mtoto aende akaajiriwe kwingine. Mume wangu aliangalia mikono yake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu wazo lile lilikuwa mdogo wake wazo langu, na nilijua mama mkwe alikuwa amelipata kwangu. Mwishowe shemeji alitoa. Alitoa kwa shingo upande, akasema hataki kulisikia tena. Mume wangu alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake iliyokuwa imebaki, ile aliyokuwa akisema ni ya siku mbaya.

Haikutosha. Mama mkwe akasema bado hajamaliza, anakwenda kwa wenzake.

Alikuwa mwanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana cha akina mama wa hapo, Wakristo kwa Waislamu. Kila mwezi walichanga kidogo kidogo, na anapofiwa mmoja au anapokufa mwenyewe kikundi kinatoa jeneza au sanda, mchele, maharage, kuni, na wao wenyewe wanakuja kupika mpaka matanga yaishe. Alikuwa amechanga tangu kikundi kinaanza. Akaenda kuomba chake.

Nilikuwepo siku hiyo, nilimsindikiza. Sijawahi kuona kikao kigumu kama kile. Wapo waliosema hela ya maiti haiwezi kupewa mtu anayetembea. Wapo waliosema akipewa huyu, kesho kila mtu atataka wake, na siku ya msiba watabaki na nyimbo tu. Kiongozi wao, bibi mmoja wa makamo mwenye macho makali, aliwaacha wachoke, kisha akamuuliza mama mkwe kama anaelewa anachoomba. Akamweleza polepole. Wakimpa leo, kwao amekwisha kuzikwa. Siku yake ikifika watakuja kuimba na kulia, na waume zao watachimba, lakini hawataleta jeneza, hawataleta punje ya mchele, hawatawasha moto. Na ndugu zake nao wasipike, kwa sababu wakipika wataonekana kikundi ndicho kilichomnyima, na jina la kikundi litaharibika.

Mama mkwe alikubali yote. Akasema ataendelea kuchanga na kubeba kuni kwenye misiba ya wenzake kama kawaida, kwa ajili ya siku akifiwa yeye na mtu wake. Walimpa.

Tangu siku hiyo wenzake wakaanza kumwita marehemu. Akipita njiani kwenda kisimani waliita, shikamoo marehemu, umeamkaje huko. Naye aliitikia marahaba, akasema huko kaburini hakuna mbu, tatizo ni jirani tu wanaongea sana. Mimi nilicheka nao, lakini kila nilipolisikia jina lile nilihisi baridi. Nilijua tulichokinunua na kwa hela ya nani.

Mitihani ilichukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Mmoja binti yangu aliufeli, tukaulipia tena. Kuna wakati alirudi nyumbani na mikono imechubuka na grisi kwenye kucha, akalala kwenye kochi na viatu, nikamfunika bila kumwamsha. Mtaani wasichana wa rika lake walikuwa wanaolewa mmoja baada ya mwingine. Kila kadi ya mchango ilipokuja alitoa, kwenye posho ile ile ya nauli. Nilimwambia yeye hadaiwi, alishajitoa kwenye mzunguko. Akasema wazazi wao ndio waliomlipia miaka miwili ya kwanza. Alikwenda kwenye sendofu zao, akacheza, akasaidia kugawa keki. Nilimwangalia siku moja akimrekebishia bi harusi shela, na moyo uliniuma kwa namna ambayo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu.

Leseni ilipotoka, alikwenda nayo Maneromango kabla hajampigia mtu yeyote simu. Macho ya bibi yalikuwa yameshafifia. Aliipapasa kwa kidole gumba, mbele na nyuma, akauliza ukubwa wote ule wa ndege ndio unaosubiri kitu hiki. Kisha akauliza maswali yake mawili.

"Ukisaini wewe, inaondoka?"

"Inaondoka, bibi."

"Na ukikataa?"

"Inakaa."

Akaridhika. Alimwambia anataka sukari na sabuni ya mche, basi.

Mshahara ulipoanza kuja, yule mtu wa uwanja wa ndege hakuwa amenidanganya. Binti alianza kulipa mikopo yangu mmoja mmoja bila kuniuliza, na nilipopiga hesabu tena niliona kwamba baada ya miaka si mingi fedha yote iliyoingia ingekuwa imerudi, pamoja na riba. Nilifurahi. Sitaki kujifanya sikufurahi. Mzazi anayeniuliza leo kama shahada ya ndege inalipa, namwambia inalipa, ila ahesabu na leseni, na ahesabu miaka ya kusainiwa na wengine. Nikifika hapo huwa nanyamaza, kwa sababu yaliyobaki siwezi kumwambia mtu niliyekutana naye dukani.

Mama mkwe alikufa msimu wa masika, mchana, akiwa amekaa jikoni kwake. Barabara ya Maneromango ilikuwa matope matupu. Tulipofika alfajiri ya kesho yake, siku ya mazishi, tulimkuta shemeji ametangulia na gari la mizigo lililonasa mara mbili njiani. Alikuwa na turubai, viti, magunia ya mchele na masufuria ya kukodi. Mkewe alikuwa ameshapanga mafiga matatu uani na moto umeanza kushika. Shemeji alisema mbele yetu wote kwamba yale yalikuwa maneno ya mzee, mzee amelala, na hatamzika mama yake watu wakiwa na njaa.

Binti yangu alinivuta pembeni. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Mama, sasa ninazo," alisema. "Nilipe kila kitu. Jeneza zuri, chakula, kila kitu. Tumrudishie msiba wake."

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka sana. Mwanamke yule alinipokea nikiwa msichana, hakuwahi kunisema hata siku moja, na pale nilikuwa naweza kumpa kila alichojinyima kwa fedha ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeizaa. Nilimtafuta mume wangu anisaidie kusema ndiyo.

Mume wangu alikuwa ameshika ndoo. Alikwenda kwenye mafiga, akamwaga maji yote juu ya moto, taratibu, mpaka zikabaki kuni nyeusi zinazofuka. Nilikuwa sijawahi kumwona akimpinga kaka yake.

"Mama aliula msiba wake," alisema. "Tukipika leo tunamfanya mwongo mbele ya wenzake. Moto usiwashwe hapa mpaka kesho jua litoke."

Shemeji alikwenda akakaa ndani ya gari na milango imefungwa. Baadaye alitoka, akavua koti, akachukua jembe akaungana na wachimbaji. Turubai halikushushwa. Jeneza lilikuwa la mbao za mwembe, limetengenezwa na fundi wa hapo hapo, halina kioo wala vitasa vya dhahabu.

Huku kwetu nyumba yenye msiba unaijua kwa moshi. Unapanda kilima unauona, unajua ni pale. Siku ile watu walikuja wakawa wanaulizana njia, kwa sababu hapakuwa na moshi. Walikuja wengi. Wanawake wa kikundi walikuja wote, wakakaa chini kwenye matope, wakaimba tangu asubuhi mpaka mchungaji alipomaliza. Mwenyekiti wangu wa kamati alikuja kutoka Kibaha, ameshika viatu mkononi. Kiongozi wa kikundi alipopewa nafasi makaburini, kati ya mikorosho, alisema maneno machache tu. Alisema huyu walishamzika, hawamdai naye hawadai, na kwamba hajawahi kukosa kubeba kuni kwa mwenzake. Kisha akatupa udongo, akashika fimbo yake akaondoka. Wenzake wakamfuata. Walitimiza kila walichokubaliana, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuangalia jikoni.

Tulisimama mimi na binti tukiwaangalia wakishuka, vikongwe wengine wameshikana mikono kwa utelezi, tumbo tupu, mvua ikianza tena. Wengine walikuwa na mwendo wa zaidi ya saa moja mbele yao.

"Mama, wameondoka na njaa kwa ajili yangu," alisema.

Mimi ni mwalimu, nimezoea kuwa na jibu. Nilitafuta neno la kumpunguzia, nikaona kwamba sikutaka kumpunguzia.

"Ndiyo," nilimwambia. "Kwa ajili yako."

"Nitawalipaje?"

"Hawa hulipi. Ila kesho ukishika kalamu, kama kuna nati moja tu ina mashaka, usisaini. Wakufokee, wakutishie kazi, awemo waziri, usisaini."

Alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Sisaini, mama," alisema.

Alikuwa na zamu siku iliyofuata. Aliondoka kukiwa bado giza, akitembea kwenye matope kwenda kutafuta usafiri wa Kisarawe, na hakunywa hata chai, maana jikoni hapakuwa na moto.